Kabla ya Kufomati, Soma Kioo

Msinikatize. Fundi akikuambia "hii tufomati tu" kabla hajasoma hata mstari mmoja wa kwenye kioo, chukua mashine yako, mshukuru, ondoka. Mfyuu! Hapa Sepuka tumelizoea mno jambo hili. Kompyuta ikigoma kuwaka inafutwa, inapigwa Windows upya, mwenyewe analipa na kwenda zake. Akifika nyumbani ndipo anakumbuka kwamba mle ndani mlikuwa na alama za kidato kizima, orodha ya wanakikoba, na hesabu za mashine ya kukamua alizeti za msimu uliopita. Anarudi kuuliza. Fundi anamjibu, "Kaka, ungesema mapema." Aseme nini? Kwani yeye ndiye fundi?

Nalisema hili kwa sababu ya ubishi wa juzi, ambao najua haujaisha. Kompyuta ya mezani ya dada wa steshenari, ile inayotumia Linux Mint, ilizimika umeme ulipokatika akiwa anachapa barua ya mteja. Umeme uliporudi mashine iliwaka nusu, kioo kikabaki cheusi chenye maandishi meupe, na chini kabisa likaandikwa neno (initramfs) na mabano yake. Kijiwe kizima kikahamia mlangoni kwa dada. Bodaboda mmoja akasema mazabodi imeungua. Muuza vocha akasema ni virusi. Fundi wa simu akatoa flashi yake ya Windows mfukoni, tayari kwa kazi. Mzee wetu mstaafu akasonya: "Mimi niliwaambia. Hiyo Linux ni ya mabenki na watu wa satelaiti. Huku kwetu hatuiwezi."

Mwalimu wa fizikia alivuta kiti akasoma. Mistari michache juu ya lile neno ilikuwa imeandikwa wazi kwamba /dev/sda2 ina mkanganyiko usiotarajiwa, na kwamba fsck, amri ya kukagua mfumo wa mafaili, iendeshwe kwa mkono. Mashine yenyewe ilishataja tatizo, mahali lilipo, na amri ya kulitatua. Mwalimu akaandika fsck -y /dev/sda2, akabonyeza Enter. Mistari ikashuka, ikashuka, ikasimama. Akaandika exit. Mint ikaendelea kuwaka kutoka pale ilipokuwa imekwama, na dada alipofungua LibreOffice akaulizwa kama anataka barua yake irejeshwe. Ilikosekana aya moja tu ya mwisho.

Sasa tuelewane kuhusu kilichotokea, maana hapa ndipo wengi wanapotoka. Unapoandika kitu, kompyuta haikiteremshi kwenye diski papo hapo. Inakishika kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha inakiandika diskini baadaye kidogo. Umeme ukikatika katikati, kazi inabaki nusu. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio Mint na Ubuntu wanaouweka kwa kawaida, una daftari ambamo huandika mabadiliko yanayokuja, na daftari hilo hufungwa kila baada ya sekunde 5 hivi. Mara nyingi umeme ukirudi, mfumo unasoma daftari, unajisahihisha, na wewe huoni chochote. Siku ukikuta mkanganyiko usiothubutu kuuamua wenyewe, unasimama na kukuita. Kule kusimama ndiko mafundi wetu wanakoita kufa, wakati mashine imesimama ili isiharibu zaidi. Kuifomati hapo ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ana kupe.

Tena msitoke hapa mkaenda kuandika -y kwenye kila mashine ya jirani. Ukiona kwenye mistari ile maneno "I/O error", au diski inagonga ndani kwa mlio wa kak-kak, basi diski yenyewe ndiyo inayokufa, na fsck inaweza kummalizia mtu kile kidogo kilichobaki. Hapo kazi ya kwanza ni kunakili kila kitu kwenye diski nyingine kwa ddrescue, halafu ndipo uangalie afya ya diski kwa smartctl. Fundi anayejua tofauti ya hali hizi mbili mlipeni vizuri.

Sasa nirudi kwa mzee wetu, kwa heshima zote. Shikamoo mzee. Hiyo simu ya Android uliyoishika mkononi, moyo wake ni kerneli ya Linux, ileile. Na jambo lenyewe halikuanzia benki. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki mwaka 1991, akaanza kuiandika chumbani kwake kwenye kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya 386. Mabenki yalikuja nyuma. Lakini kuna sehemu mzee amesema kweli na sitaki ipite: maneno yanayotokea mashine inapokwama yote ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Dada wa steshenari anaandika Kiswahili safi kuliko sisi sote, ila mbele ya kioo kile alikuwa kama hakuambiwa kitu. Kazi ya kuleta programu huria kwenye lugha yetu iliwahi kuanza, tena hapahapa nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice 1.1.3 iliyogeuzwa kuwa Kiswahili. Menyu zikaongea lugha yetu. Ujumbe wa kuwaka haukufikiwa, na ndio unaomtisha mtu zaidi. Basi mpaka siku hiyo ifike, fundi anayejua kusoma mistari ile ndiye mkalimani wa mteja. Akikataa kusoma, anamnyima mteja haki yake.

Fundi wa simu akanijibu hapo kwa hasira: "Kaka, usiitetee. Agosti 2024 laptopu zenye mifumo miwili zilikufa upande wa Linux bila hata kukatika umeme." Kweli zilikwama, na nashukuru amelileta. Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft walitoa sasisho la Windows lililokuwa linafungia matoleo ya zamani ya kiwashio cha Linux yenye mianya ya usalama. Walisema halitagusa mashine zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu wakawasha upande wa Linux wakakutana na ujumbe wa SBAT, kwamba kuna jambo limeharibika vibaya, mashine ikajizima. Nasisitiza: Linux ilikuwa imelala pale diskini nzima, faili zote zipo. Dawa ilikuwa kuingia bayosi, kuzima Secure Boot kwa muda, kuwasha Linux, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha tena, halafu kuirudisha Secure Boot. Microsoft wenyewe walilimaliza tatizo hilo kwa sasisho la Mei 2025. Fikiria aliyefomati Agosti ile. Alifuta mfumo mzima uliokuwa na afya.

Kuna na yule anayeingia Windows, anaona sehemu ya diski "isiyo na jina", anaifuta apate nafasi ya kuweka muvi. Akiwasha anakuta grub rescue. Huyo kaifuta Linux kwa mkono wake mwenyewe, wala tusipoteze muda, ingawa hata huyo upande wake wa Windows bado upo na unarudishwa bila kufomati.

Lakini wanangu, mashine zinapogoma hapa kwetu, mimi namlaumu zaidi mdogo asiyeonekana: betri ya bayosi. Ile duara ya fedha iliyo juu ya mazabodi, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee kutembea mashine ikiwa imechomolewa, na kwenye mashine nyingi za zamani ndiyo inayotunza pia mipangilio. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, betri inapumzika. Sasa sisi msimu wa mvua, kwa kuogopa radi, tunachomoa kila kitu jioni, na tunafanya vyema. Lakini betri ndiyo inayobeba usiku ule wote. Na hizi kompyuta tunazonunua ni za mtumba, zimekuja na betri zilizozeeka huko zilikotoka.

Betri ikifa, dalili zake zinadanganya. Unawasha, tarehe imerudi nyuma miaka. Unafungua tovuti ya maombi ya kazi au ya mkopo wa chuo, kivinjari kinakukatalia, kinasema muunganisho si salama, kwa sababu cheti cha tovuti kinaonekana kitaanza kazi siku ambayo kwa saa ya mashine haijafika. Unajaribu kusasisha Mint, apt inakuambia faili la orodha bado halijaanza kutumika. Mtu anaapa kwamba bando lake limeibwa. Mwingine anasema ni virusi. Na ikiwa bayosi imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani, mpangilio wa diski ipi iwashwe kwanza unavurugika, mashine inatafuta mfumo mahali usipokuwepo, kioo kinasema hakuna kifaa cha kuwashia. Fundi anakuja na nini? Na flashi ya Windows. Anafomati, anapiga Windows, anarekebisha saa kwa mkono, inawaka. Kila mtu anampongeza. Jioni mwenye mashine anachomoa, asubuhi ugonjwa uleule. Betri haijaguswa!

Na msichanganye hilo na saa inayopotea kwa saa tatu kamili. Hiyo ni mashine ya mifumo miwili. Linux inaiandika saa ya ndani kwa muda wa dunia, Windows inaisoma kama muda wa hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ukitoka Linux ukaingia Windows, saa iko nyuma kwa tatu. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, na ubishi umekwisha. Betri haina kosa hapo.

Bodaboda wetu, yule mpole, akauliza la maana: laptopu ya kaka yake inawaka vizuri, inaomba neno la siri, unaliandika sawasawa, kioo kinaruka kidogo kisha kinakurudisha palepale kuomba neno la siri. Limebadilishwa? Hapana. Mara nyingi diski imejaa. Mfumo unapotaka kuandika vifaili vyake vya kuanzia, hauna pa kuandikia, unakutoa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, utapata kioo cheusi cha maandishi, ingia hapo, andika df -h. Ukiona 100% kwenye mfumo, umempata. Andika sudo apt clean, halafu sudo journalctl --vacuum-size=200M, unapumua, unaingia, unaanza kuhamisha zile muvi. Diski isipokuwa imejaa, angalia faili la .Xauthority kama limegeuka kuwa mali ya root kwa sababu mtu alichezea sudo pasipostahili.

Mbona Linux kila siku inaumwa, akauliza muuza vocha. Nikamwambia, kaa nje ya steshenari kutwa moja. Watu wanakuja na flashi, wamepewa kazi wachape, wakichomeka kwenye Windows wanakuta faili zote zimegeuka njia za mkato, kila ukibofya hakuna kitu. Wanalia. Virusi vimeyaficha mafaili kwenye folda isiyo na jina. Dada anaichomeka flashi ileile kwenye Mint yake, folda iliyofichwa inaonekana pale ikiwa wazi, anaifungua, kazi ya mtu ipo yote. Ananakili, anasafisha, anarudisha. Na fundi wetu wa simu, nisamehe ndugu yangu, ni mteja wake kwa huduma hiyo.

Sasa kwenye uchaguzi wa Linux gani, hapo kijiwe kiligawanyika vibaya. Mwalimu ni mtu wa Ubuntu tangu enzi zile walipokuwa wanatuma sidii za bure kwa posta, huduma waliyoifunga 2011. Dada ni wa Mint na mimi niko naye, na sababu yangu ni bando. Faili la kuwekea Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Mint 22 ni chini ya GB 3. Halafu Ubuntu, tangu 22.04, ukiomba Firefox inakuletea ya Snap, mzigo unaobeba vitu vyake vyote ndani, unashuka mkubwa, na kwenye mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka unafunguka taratibu mno mara ya kwanza. Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020 walikataa Snap isijiingize bila ruhusa. Mwalimu anasema Snap ni salama zaidi na zinajisasisha zenyewe. Kujisasisha zenyewe kwa bando la nani, mwalimu? Kwa mwenye waya wa intaneti mjini, sawa. Kwa mtu anayewasha data ya simu, apate alichokifuata, azime, hapana. Huku kwetu tunahitaji mmoja ashushe na wengine wanakili. Ukitumia apt-get badala ya apt, vifurushi vinabaki kwenye /var/cache/apt/archives. Vichukue kwa flashi, wapelekee wenzako wenye toleo lilelile, wavisakinishe bila hata robo ya bando.

Na laptopu ikigoma kuona Wi-Fi baada ya kuweka Linux, hasa zenye kadi za Broadcom, msianze kusonya. Draiva inahitaji intaneti na intaneti inahitaji draiva, naelewa uchungu wake. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti, Linux itaitambua simu papo hapo. Shusha draiva, chomoa waya.

Siwezi kukaa hapa nikasema Linux haina kasoro, maana dada mwenyewe angenikatalia. Printa ya Canon LBP2900 imemtoa jasho. Draiva yake ya Linux, inayoitwa CAPT, ni ya zamani na haikai sawa kwenye mifumo ya leo. Leo inachapa, kesho imenyamaza. HP LaserJet nyingi zinaenda vizuri na draiva ya HPLIP, japo P1102 inataka kifurushi cha ziada cha HP. Kwa hiyo anayefungua steshenari achague printa akiwa ameshajua mfumo wake. Na lile la barua ya maombi ya kazi kuchapwa kwa Calibri kwenye Word, ikifunguliwa LibreOffice sahihi inaruka ukurasa wa pili: hilo ni fonti. Weka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na mistari inakaa mahali pake. Mteja aliyekuja na barua ya ukurasa mmoja aondoke na ukurasa mmoja.

Haya yote nayasema kwa haraka hivi kwa sababu muda umetubana. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa mwaka. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Angalieni mashine zilizopo Sepuka, shuleni, ofisini, madukani. Ngapi zina kizazi cha nane? Nyingi zitaishia ama kwenye Windows isiyolindwa, ama kwenye Linux. Karatu huko kuna sekondari zilizoingia kwenye mradi wa Powering Potential, wanatumia vikompyuta vya Raspberry Pi kwa umeme wa jua, na mfumo wake ni wa ukoo wa Debian. Wanafunzi wanasoma. Sisi tuna kompyuta kubwa kuliko zile, na tunabishana nani ana flashi ya Windows.

Ninachokitaka kijiweni ni hiki. Fundi wa simu, wewe una mikono mizuri, nimekuona ukibadilisha kioo cha simu bila kugusa kitu kingine. Weka Mint kwenye hiyo flashi yako pamoja na Windows; Ventoy inakubali zote mbili kwenye flashi moja. Mashine ikija imegoma, iwashe kwa Mint ya kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, fungua diski ya mteja, toa mafaili yake kwanza. Mtoze kwa hilo, ni kazi halali. Ukimaliza, piga picha ya kioo kilichokwama, mletee mwalimu aisome kama Kiingereza kimekushinda. Ikishindikana kabisa, fomati, na hakuna atakayekusonya.

Dada wa steshenari, kabla ya mvua tafuta UPS, hata ndogo, ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Na kesho kuna pikipiki inakwenda Singida mjini. Nimeshamwambia dereva apite duka la vifaa vya kompyuta achukue CR2032 tano, asikubali kupewa CR2025. Kipenyo ni kimoja lakini hiyo ni nyembamba, huenda isiguse vizuri chuma cha chini. Anayetaka yake atoe hela sasa hivi, maana pikipiki inaondoka asubuhi.